Maji ya Pipa la Darasa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidoti humsaidia mama yake kupanga nyanya sokoni. Bibi yake huketi kando akichambua zilizopondeka, huku akitega vitendawili.

"Punda tumemnunua sote, anayempanda ni mmoja."

Kidoti alikuna kichwa. "Nimeshindwa, Bibi. Chukua mji."

"Mji wenyewe huu usio na maji? Siutaki. Kafikiri kwanza."

Kweli, bomba la soko lilikuwa limekauka tangu kiangazi. Mtoza ushuru hakukosa kupita hata siku moja, ila fundi bomba hakuonekana. Ushuru ulikuwa umejenga chemchemi ya mapambo mbele ya ofisi ya mji. Ilirusha maji juu mchana kutwa.

Siku hiyo Mama alijikaza akaenda ofisini, Kidoti nyuma yake.

"Mheshimiwa, tunaomba bomba letu. Watu wanaumwa matumbo kwa nyanya tusizoweza kuziosha vizuri."

Afisa hakuinua macho. "Mama, mji lazima upendeze. Wageni wanakuja."

"Na sisi, baba?"

"Ninyi subirini."

Mama alikaza kilemba chake, akatoka.

Shuleni Kidoti alikuwa kiranja. Kila mwanafunzi wa darasa lake huleta dumu dogo la maji ya kunawa, nayo humiminwa kwenye pipa moja. Mchana ule mkaguzi angekuja, na maua ya mlangoni yalikuwa yamenyauka. Kidoti akachota ndoo pipani.

"Tunamwagilia maua. Darasa lazima lipendeze, mgeni anakuja."

"Na sisi tutanawa wapi, kiranja?" aliuliza mvulana mmoja waliyemwita Kibogoyo. "Mimi dumu langu nimelibeba kutoka kule bondeni."

"Ninyi su..."

Aliishusha ndoo chini. Sauti ile alikuwa ameisikia asubuhi. Akarudisha maji pipani, na mkaguzi akayakuta maua yamenyauka vilevile.

Kidoti alipopita sokoni baada ya shule, bomba lilikuwa bado kavu. Mama alikuwa akiosha nyanya kwa maji ya kununua, kidogo kidogo.

"Bibi, yule punda ni ushuru," Kidoti alisema, kisha akasimulia mambo ya pipa.

Bibi aliitikia kwa kichwa. "Ndiye. Aliyepewa kumwongoza hakuambiwa ni wake. La ofisini limetushinda, mjukuu wangu. Tutarudi kusema, na huenda wasitusikie tena. Lakini pipa ulikabidhiwa wewe. Ukishika cha watu, waulize wenyewe wanahitaji nini kabla hujafikiria macho ya mgeni."

Akamrushia nyanya moja nzima. "Na kesho usisahau dumu lako."