Njaa Iliyokuja kwa Barua

Sanduku la barua lilinguruma wakati wa chakula cha mchana, na kila aliyekuwapo alidhani ni tumbo la mwenzake.

Jele, binti wa miaka saba, alicheka akamnyooshea baba yake kidole. Baba, Daktari Nikša Bratutić, akamgeukia Stane, mtumishi mzee aliyekuwa akipakua kabichi na nyama ya kondoo iliyokaushwa. Stane akasema tumbo lake yeye lina adabu, halijawahi kuzungumza mbele za watu. Mlio ukaja tena, mrefu, wa mtu aliyeshinda njaa siku mbili, na safari hii wote walisikia unakotoka. Ulitoka chini ya dirisha, ndani ya sanduku la mwaloni.

"Panya," alisema daktari, na wakaendelea kula.

Humo sandukuni ndimo alimohifadhi barua za wagonjwa wake. Mjini Dubrovnik, miaka ile baada ya tetemeko kubwa, hakukuwa na aliyeyajua matumbo kumshinda yeye, na wengi wa aliowatibu hakuwahi kuwaona hata sura. Walimwandikia kutoka Mostar, kutoka Foča, kutoka ng'ambo huko Ancona: tumbo linawaka, choo kimegoma, nikila nacheua uchachu. Alisoma, akanakili maelezo yao katika daftari lake, akajibu kwa dawa na masharti, na kila jibu alilifunga kwa kumsihi mgonjwa aeleze kila kitu, asifiche hata cha aibu. Alikuwa na haki ya kujivunia kazi yake, na haki hiyo aliitumia ipasavyo.

Kilichomuudhi ni siki. Kwa hofu ya tauni, barua zote za kutoka bara zilizuiwa karantini, zikatobolewa kwa shazia, zikalowekwa kwenye siki, kisha zikaning'inizwa juu ya moshi wa majani makavu mpaka wino ukafifia. Mara nyingine alipokea ukurasa asijue kama mgonjwa anaharisha au amefunga choo. Basi majira ya kuchipua yale alimwomba Luko, mlinzi wa karantini aliyewahi kutibiwa naye vidonda vya tumbo, ampitishie barua zake zikiwa kavu. Luko alisitasita, akajikuna shingo, akakubali. Utamkataliaje mtu aliyekurudishia usingizi?

Barua kavu ya kwanza ilitoka Foča, kwa mfanyabiashara wa ngozi aitwaye Ostoja. Aliandika kwamba mwanawe mdogo anakula bila kushiba na anakonda. Kwamba tumboni mwake mna kitu kinachokula kabla yake. Kwamba majirani wanakiita jini, padri anakiita pepo, na wote wawili wameshindwa kukitoa. Alieleza kurasa tisa. Daktari alifurahi, maana ni nadra kumpata mtu anayejua kueleza. Alinakili yote, akaandika jibu, pakanga na mbegu za maboga kwa ajili ya minyoo, na barua akaitia sandukuni.

Siku iliyofuata ndipo sanduku liliponguruma. Kesho yake lilinyamaza, na Jele akaomba mkate wa pili, kisha wa tatu.

Mwanzoni ilikuwa furaha, kwa sababu tangu mama yake afariki mtoto alikuwa mlaji wa kubembelezwa. Stane alimtania kwamba sasa itabidi apate mchumba mwokaji mikate. Lakini pale kwenye kiti cha Jele palianza kunuka jiko la watu wengine: mafuta ya kondoo yaliyoungua, vitunguu, ngozi mbichi, vitu ambavyo Stane hakuwa amevipika wala kuviingiza ndani. Daktari alimpima binti yake kwa mizani ya zeituni, akaandika daftarini kama alivyozoea:

*Siku ya nne. Mikate mitatu, jibini nusu, samaki sita. Amepungua ratili mbili. Choo hapana.*

*Siku ya tisa. Mikate saba. Amepungua ratili tano. Choo hapana. Nimempa pakanga. Ameomba na bakuli la dawa alirambe.*

"Baba," Jele alimwambia siku hiyo, taratibu, kama anayemchongea mtu aliye karibu, "nikimeza, kinashuka, halafu nanyang'anywa."

Mchana wa siku ya kumi na mbili, jua limejaa chumbani na ndege wakipiga kelele juu ya paa, daktari alimlaza binti yake kitandani, akaweka sikio juu ya tumbo lake kama alivyowafanyia mamia ya watu, akategemea kusikia maji na upepo, vitu anavyovijua, lakini alichosikia ni kutafuna, kutafuna kwa meno, polepole, kwa mtu asiye na haraka, ilhali mdomo wa mtoto ulikuwa umefungwa na macho yake yanamtazama, na alipozuia pumzi ili asikie vizuri zaidi, kutafuna nako kukakoma, kukawa kimya kabisa, kimya cha mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa, na kutoka chini ya ngozi ile nyembamba, karibu na sikio lake kiasi cha kulipasha joto, sauti ambayo haikuwa ya Jele ikasema, "Ongeza."

Daktari alitoka nje akatapika.

Stane alimfuata ukumbini. Ndiye aliyemlea hata yeye, na walipokuwa peke yao hakumwita bwana.

"Nikša, mwanangu, ile barua ilikuja na moshi au bila moshi?"

Daktari aligeuza uso, na Stane akapata jibu lake. Walichoma barua zote za sandukuni, hata za wagonjwa wa miaka ishirini iliyopita. Padri aliletwa, akanyunyiza maji ya baraka, akasoma, akaondoka hata hajanywa divai aliyomiminiwa. Jele alikula mikate kumi na moja.

Kisha Luko, asiyejua lolote, akaleta barua nyingine kavu kutoka kwa Ostoja. Hii ilikuwa fupi.

*Daktari, mwanangu ameshiba. Nisamehe, au usinisamehe. Bibi mmoja aliniambia kitu hiki husafiri na maelezo yake. Mwenye nyumba akikieleza chote kwa mkono wake, kinatoka na barua, na barua ikisomwa kinaingia kwa aliye mdogo kabisa kwenye meza ya msomaji. Nilijua barua zinazokuja kwenu hupita kwenye siki na hazisomeki vizuri. Niliandika kama anayetapatapa, bila tumaini. Sikujua itakufikia kavu. Usinijibu, tumehama Foča.*

Daktari aliisoma mara tatu. Mtu wa kulaumiwa, aliona, hakuwa Ostoja.

Kwenye kabati palikuwa na barua za wagonjwa ambao hajawajibu, lakini hakuzigusa. Alimwandikia Zanetto, tabibu wa Padova waliyesoma naye ujanani, kumwomba ushauri kama matabibu wafanyavyo wanaposhindwa. Hakusema anatuma nini.

"Na huyo naye ni mtoto wa mtu," Stane alinong'ona.

"Ana miaka sitini na tano. Anakula na paka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna mtoto, Stane. Nyamaza."

Aliandika kurasa tisa, asibakize kitu, hata kutapika kwake mwenyewe. Jahazi la Venezia lilipong'oa nanga, Jele aliyekuwa na bakuli mapajani alisukuma chakula kando akasema ameshiba. Stane alikaa sakafuni akalia kwa sauti.

Wiki sita zikapita. Jele aliongezeka ratili nne, na asubuhi aliimba akilisha kuku. Daktari aliona aibu kila alipomkumbuka Zanetto, halafu alimsikia mtoto akiimba, na aibu ikapungua. Nani angemhukumu?

Jibu la Padova lilifika wakati wa chakula cha mchana. Alipolifungua, harufu ya siki ilimpanda puani.

*Rafiki yangu,* aliandika Zanetto, *watu wa karantini wamekula barua yako kabla yangu. Sikuweza kusoma hata neno moja. Nakurudishia karatasi zako uone mwenyewe zilivyofika. Huku hawapitishi waraka ukiwa mkavu, hata wa askofu, basi afadhali uje unieleze kwa mdomo.*

Ndani mlikuwa na kurasa tisa, zimetobolewa, zimekunjamana, rangi ya chai. Hazikuwa na neno; hakuna aliyezisoma, na kilichotumwa ndani yake kilikuwa kimerudi nazo. Daktari alizishika, na zikanguruma mikononi mwake.

Jele aliyekuwa akisimulia habari za kuku alinyamaza katikati ya sentensi. Alitazama sahani yake tupu, kisha sahani ya baba yake.

"Baba," alisema, na machozi yalikuwa tayari yanamtoka, "bado nina njaa."

Alimpa sahani yake. Akampa mkate wote. Kisha akaenda kabatini, akapekua barua za bara, maana barua ziendazo bara hakuna anayezitia siki. Ya juu kabisa ilikuwa ya Savka, mjane wa Mostar, aliyesumbuliwa na kiungulia na kuomba radhi kwa kumpotezea daktari muda. Aliiweka mezani, akachukua karatasi tisa safi, akachovya kalamu.

Stane alikuja akasimama nyuma yake. Hakujua kusoma, lakini karatasi alijua kuzihesabu.

"Kwa nani?"

"Kwa mjane mmoja, Mostar."

"Ana watoto?"

Kule mezani Jele alikuwa akikwangua sahani kwa kijiko, haraka haraka.

"Mmoja," alisema daktari.

Stane alifuta mikono kwenye aproni, akaenda kuwasha mshumaa wa kuyeyushia lakiri.