Shashi ya Kumi na Moja

“Umempiga mke wangu teke la tumbo!”

“Teke lipi? Tumegombea kamba ya kuanikia, kateleza mwenyewe kwenye maji ya sabuni!”

“Mbona hawezi kusimama?”

Ua ulijaa watu, hata wenye vyungu motoni walikuja. Inspekta, mama mnene wa sauti ndogo, alipenya katikati yao akamkuta kinyozi amemtolea macho fundi cherehani, mwanamke jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mke wa kinyozi alikuwa chini, kajikunja. Majirani walikwisha kutoa hukumu. Mgonjwa akakimbizwa hospitali, fundi akalala mahabusu kwa tuhuma za shambulio.

Asubuhi mpiga picha wa eksirei aliinua picha kwenye mwanga.

“Hakuna jeraha, afande. Ila tazama hapa.”

Kijistari cheupe, kimejiviringa chini ya kitovu.

“Ni nini?”

“Uzi wa shashi, ile ya kufyonzea damu wakati wa upasuaji. Hufumwa na uzi huu makusudi, ili ikisahaulika tumboni, ionekane.”

Inspekta akamwinamia mgonjwa. “Mwanangu, ulishawahi kupasuliwa?”

“Uvimbe, miezi minne iliyopita. Hapahapa.”

“Na maumivu?”

“Tangu siku hiyo. Nilificha. Mume wangu ana roho nyepesi, angekufa kabla yangu.”

Teke haliingizi shashi tumboni. Fundi akaachiwa. Jioni ile mgonjwa alipasuliwa upya, shashi ikatoka, na Inspekta akafungua daftari la chumba cha upasuaji mbele ya muuguzi aliyehesabu shashi siku ya upasuaji wa kwanza.

“Shashi ngapi ziliingia?”

“Kumi.”

“Zikatoka?”

“Kumi. Si nimeandika?”

“Basi hii ya kumi na moja kaimeza?”

Muuguzi alitazama dari. Kisha akalisukuma daftari kando.

“Zilitoka tisa. Nikaikata moja katikati, nikakunja vipande vyote viwili, hesabu ikatimia kumi.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ilikuwa siku ya mwisho ya daktari kabla ya kustaafu. Mimi nilikuwa mfagiaji hapa, afande. Yeye ndiye aliyenisomesha. Mikono ilishaanza kumtetemeka, na nje wafanyakazi wanamsubiri na maua. Ningesema moja imebaki, angeondoka na aibu. Nikajidanganya kwamba imeanguka sakafuni.”

“Ukamwachia mwanamke wa watu ateseke.”

“Ndiyo.” Alilia kama mtoto. Inspekta akampa leso, kisha akampa kalamu aandike maelezo yake.

Wiki ya tatu, akiwa nje kwa dhamana, muuguzi alikuja nyumbani kwa kinyozi kuomba radhi. Mgonjwa alikuwa amekaa kitako, anacheka. Kinyozi akageuza uso. Fundi cherehani, aliyekuwa akiwapakulia wali, ndiye aliyeinuka.

“Wewe ndiye uliyenilaza mahabusu nikaliwa na kunguni?”

“Ndimi, dada. Nisamehe.”

“Nimekasirika, na kesho nitakasirika tena.” Akamshika mkono. “Lakini umekonda, mdogo wangu, na wali unapoa. Vua viatu, uingie ule.”