Uliona, au Uliambiwa?

Nyumba ya Mwajabu pale Majengo, Dodoma, haijawahi kuwa tupu. Asubuhi utawakuta wateja wa karanga. Mchana majirani. Jioni wapangaji, pamoja na wageni kutoka Kondoa waliosema watalala siku mbili, na sasa wana mwezi. Uani imetandikwa ngozi ya ndama, nyekundu, yenye baka jeupe ubavuni. Mwajabu hukaa juu ya ngozi hiyo, miguu kainyoosha, anamenya karanga. Mikono inamenya, mdomo unasimulia.

Watu humwita Mama Iddy. Nani kaposwa, nani kaachika, nani kahama bila kuaga, yeye anajua. Mengine huyajua kabla ya wenyewe.

Siku ya Jumanne na Alhamisi, mchana, Mama Iddy hufunika karanga zake na kwenda chuo. Ndiyo, chuo! Ni chuo kidogo cha sheria, vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Mwalimu akifundisha, randa nayo inapiga kelele zake. Wanafunzi ni fundi cherehani, mtendaji mstaafu, kijana wa bodaboda aitwaye Khalidi, na wengine kama hao. Wanasomea usaidizi wa kisheria. Kila Jumamosi hutoa meza barazani, na wananchi huja na shida zao. Hatozwi mtu hata shilingi.

Mwalimu wao ni Cecilia, wakili kijana, mwembamba kama fito, mkali kama pilipili kichaa. Siku moja walifanya zoezi la mahakama. Cecilia alikuwa hakimu. Mwajabu alikuwa shahidi.

"Mheshimiwa," Mwajabu alianza, "watu wanasema huyu bwana ana tabia ya..."

"Watu gani?"

"Watu tu, mheshimiwa. Majengo nzima."

"Majengo nzima imekuja kuapa?"

Darasa likacheka. Khalidi alicheka mpaka akainamia dawati.

"Mama Iddy," alisema Cecilia, "uliona, au uliambiwa?"

"Niliambiwa na mtu asiyejua uongo."

"Basi aje yeye. Mahakamani shahidi husema alichokiona kwa macho yake na alichokisikia kwa masikio yake kikitoka kwa mhusika. Cha kuletewa na jirani, akiache kwa jirani."

Mwajabu alinuna siku nzima. Sasa mtu asiposema aliyoambiwa, atasema nini?

Jumapili iliyofuata, Yudith alirudi kutoka kwao Gulwe. Yudith ni Mgogo, mpangaji wa chumba cha mwisho pale kwa Mwajabu. Kwa kawaida akirudi kutoka kwao, hucheka tangu getini. Siku hiyo aliingia kimya, akakaa kwenye kizingiti, mkoba bado uko begani.

"Mama Gladness, kulikoni? Umefiwa?" Mwajabu aliuliza.

"Afadhali ningefiwa. Obedi kasema sina ng'ombe."

Hapo inabidi ueleweshwe. Baada ya kuachika, Yudith alifanya vibarua kwenye mashamba ya zabibu kwa miaka mingi. Jasho hilo likamnunulia mitamba wawili. Mjini huwezi kufuga ng'ombe uani kwa mtu. Basi akafanya kama walivyofanya wazazi wake: aliwawekesha kwa jamaa, huyo Obedi, kule Gulwe. Mtunzaji hukamua maziwa, anapata na samadi. Ng'ombe na ndama wao hubaki mali ya mwenyewe. Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo. Tangu lini ndugu wakaandikishana? Sasa mitamba wamezaa, na zizini wako watano.

Mwajabu alipiga simu papo hapo, akaweka sauti kubwa. Uani watu wote wakaacha kazi.

"Obedi, mimi ni Mama Iddy, mwenye nyumba wa Yudith. Ng'ombe za watu vipi?"

"Ng'ombe za nani?" Sauti ilikuwa nzito, yenye dharau. "Tangu lini sketi ikawa na zizi? Mimi nilinunua mwenyewe kwa Mzee Zablon. Huyo kama ana karatasi, alete. Mwezi ujao nawapeleka mnadani."

Akakata.

Uani palichemka. "Sketi!" mama mmoja alifoka. "Na yeye alizaliwa na suruali?" Yudith aliukumbatia mkoba wake. Ada ya shule ya bintiye Gladness, matibabu, uzee wake, vyote vilikuwa kwenye zizi lile.

"Karatasi anaitaka?" Mwajabu alisimama, akakung'uta maganda ya karanga. "Ataipata!"

Kesho yake alimshika Yudith mkono, hao mpaka kwa Fredy, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Fredy hakuuliza mengi. Aliandika "Mkataba wa Kutunza Ng'ombe", akaweka tarehe ya miaka minne nyuma. Palipobaki wazi ni pa sahihi tu.

"Ya Obedi mtajaza wenyewe," alisema Fredy. "Wino wa dole gumba ninao. Dole lolote ni dole."

Alhamisi Mwajabu aliipeleka karatasi chuoni, kifua mbele, Yudith nyuma yake.

"Shikamoo, Mama Iddy," Cecilia alisalimia.

"Marahaba, mwalimu. Tazama kazi ya mwanafunzi wako." Akamsimulia kisa chote, tangu mitamba mpaka sketi, akamkabidhi karatasi.

Cecilia alisoma. Akasoma tena. Uso ukambadilika.

"Hii iliandikwa lini?"

"Jumatatu."

"Mbona inasema miaka minne iliyopita?"

"Ndiyo ukweli wenyewe! Waliwekeshana miaka minne iliyopita. Sisi tumeuandika tu."

Cecilia aliweka karatasi mezani kwa kishindo. Hata seremala alisimamisha randa.

"Mama Iddy! Obedi ameiba ng'ombe, na nyinyi mnataka kumpa na ushindi? Hii inaitwa kughushi. Ni kosa la jinai. Hakimu akigundua, na atagundua, Yudith ataingia na haki yake akatoka na pingu. Obedi atarudi nyumbani akikamua maziwa na kuwacheka! Mtu mwenye ukweli mkononi, kwa nini aufunike kwa uongo?"

"Sasa tutafanyaje, mwalimu?" Yudith alilia. "Karatasi sina. Asiye na karatasi ana kesi?"

"Nani kakwambia hana?" Cecilia alikuwa bado amewaka, lakini sasa hasira haikumlenga Yudith. "Hilo ndilo linaloniuma. Watu wanaporwa mali mchana kweupe, wanakaa kimya kwa sababu hawana karatasi. Sikiliza, mama. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano. Mahakama inayatambua, mradi uyathibitishe. Na hilo la sketi, sheria imelijibu zamani. Mwanamke ana haki ya kumiliki mali yake, awe ameolewa, ameachika au hajaolewa. Ng'ombe pia."

"Nathibitisha kwa kitu gani?"

"Kwa watu walioona, na kwa vitu vinavyoonekana. Nani aliyekuuzia mitamba?"

"Mzee Zablon, huyo huyo anayetajwa na Obedi. Obedi alikuwepo siku hiyo, akawaswaga mwenyewe kwenda kwake."

"Mzee Zablon yupo hai?"

"Yupo. Anatembea mpaka kanisani."

"Huyo mmoja. Mwingine?"

"Gulwe nzima inajua!" Mwajabu alidakia.

Cecilia alimtazama tu. Mwajabu akaufunga mdomo.

"Tumtafute mtu aliyemwona Obedi mwenyewe akikubali kuwa ng'ombe ni wa Yudith," alisema Cecilia. "Akikubali kwa maneno au kwa vitendo. Hajawahi kuja mjini kuleta taarifa yoyote?"

Yudith alifikiri. "Alikuja mara moja. Ndama wangu wa kwanza alipokufa kwa ugonjwa wa ndigana. Kwetu ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi. Asipopeleka, atadhaniwa kamuuza. Basi Obedi alileta ngozi."

"Iko wapi?"

Yudith alimgeukia Mwajabu. Mwajabu akashika kichwa. Kila siku ya Mungu alikuwa anamenya karanga juu yake!

"Ile nyekundu," alisema polepole. "Yenye baka. Mwalimu, mimi ndiye niliyempokea getini. Alikuja na gunia, akaniambia, 'Mama, mpe Yudith ngozi ya ndama wake. Pole yake.' Aliniambia mimi, kwa mdomo wake. Nikampa chai na chapati mbili!"

"Uliona, au uliambiwa?"

"Niliona! Nilisikia! Chapati nilipika mwenyewe!"

Cecilia alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akaichukua karatasi ya Fredy, akampa Yudith, naye akaichana vipande vipande mwenyewe.

"Sasa Mama Iddy, huwezi kuwa shahidi na msaidizi wa kisheria kwenye shauri hilo hilo. Wewe ni shahidi. Khalidi atamsaidia Yudith."

"Huyu wa bodaboda?"

"Huyu huyu, mama yangu," Khalidi alijibu. "Tena bila nauli."

Khalidi alimsaidia Yudith kuandika madai yake kwa lugha nyepesi: nani, nini, wapi, lini. Alimweleza kuwa shauri hufunguliwa mahakama ya mwanzo ya upande anakoishi mdaiwa, au mali iliko. Akamwambia pia aombe zuio siku hiyo hiyo, ili ng'ombe wasiuzwe wala kuhamishwa mpaka shauri liishe. Kwa vile yeye si wakili, hatasimama kumsemea. "Utasema mwenyewe, mama. Mimi nitakuwa benchi la nyuma." Yudith alifungua shauri. Mahakama ikatoa zuio. Mnada ukapita, na ng'ombe wakabaki zizini.

Siku ya kusikilizwa, Mwajabu aliifunga ile ngozi kwa kamba, akapanda nayo basi. Njia nzima alikuwa anajiandaa. Alikuwa na mengi juu ya Obedi! Alishaambiwa kuhusu mbuzi wa mjane fulani, kuhusu shamba la shemeji, na kuhusu mwanamke wa kule relini. Leo leo!

Lakini kufika tu, karani akamtoa nje. Shahidi hakai ndani wenzake wanapotoa ushahidi, asije akaazima maneno. Mwajabu alikaa kwenye benchi chini ya dirisha na ngozi yake mapajani, na dirisha likafungwa. Ndani kesi inanguruma, na yeye, Mama Iddy wa Majengo, hasikii hata neno! Hajawahi kuteseka vile.

Mzee Zablon alitoka. Mwajabu akamrukia. "Shikamoo mzee, umesemaje?"

"Marahaba. Hairuhusiwi kukwambia," alisema mzee, akaendelea na fimbo yake.

Akaitwa. Akaapa kwa msahafu. Mbele yake Yudith alikuwa amesimama. Upande wa pili Obedi, shati jipya, anatazama dari kana kwamba anasubiri mvua.

"Eleza unachokijua," alisema hakimu.

Mwajabu akavuta pumzi. Akafungua kamba, akaitandaza ngozi.

"Mheshimiwa, miaka miwili iliyopita, kabla ya mvua, huyu bwana Obedi alikuja kwangu Majengo. Alinikabidhi ngozi hii. Akasema, 'Mpe Yudith ngozi ya ndama wake.' Nikampa chai, akanywa, akaondoka."

Obedi akaacha kutazama dari.

"Una lingine?" hakimu aliuliza.

Mbuzi wa mjane akamjia kooni. Shamba la shemeji likafuata. Mwanamke wa relini alikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Mwajabu akameza vyote.

"Mengine niliambiwa, mheshimiwa. Niliyoyaona ni hayo."

Benchi la nyuma, Khalidi aliziba mdomo kwa kiganja.

Obedi aliruhusiwa kumuuliza maswali. Akatikisa kichwa. Hakimu ndiye aliyeuliza, tena alimuuliza Obedi mwenyewe: "Unasema ng'ombe ulinunua wewe. Mzee Zablon amesema alimuuzia mama huyu. Ndama wa kwako akifa, ngozi unaisafirisha mpaka Dodoma kwa Yudith ya nini?"

Obedi alikuna kidevu. Kidevu hakikumjibu.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Ng'ombe ni wa Yudith, wote watano. Aliyetaka kukata rufaa aliambiwa muda wake. Obedi hakukata. Alisikika akisema kwamba alikuwa anatania.

"Anatania!" Yudith alisema siku aliporudi kutoka Gulwe, sauti juu, mkono kiunoni. "Miezi mitatu nimelala kwa shida, yeye anatania! Zizi nimelifungua kwa mkono wangu, na hii hii sketi."

Ng'ombe aliwahamishia kwa mtunzaji mwingine. Safari hii waliandikiana: majina, rangi na alama za kila ng'ombe, nani anapata maziwa, ndama ni wa nani. Walitia sahihi mbele ya mashahidi wawili na mtendaji wa kijiji, kwa tarehe ya siku ile ile. Yudith ana nakala yake, na ngozi bado iko uani.

Jana Mwajabu alikuwa juu yake, anamenya karanga, jirani akaingia mbio mbio, kanga inaburuta.

"Mama Iddy! Umesikia ya yule mwenye nyumba wa kona? Kamfungia mpangaji mlango, vyombo viko ndani!"

Mwajabu aliinua macho.

"Uliona, au uliambiwa?"

Jirani alisita. "Mmh... niliambiwa."

"Na huyo mpangaji mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwa dada yake, analia."

"Kamwite. Jumamosi meza iko barazani, aje aseme kwa mdomo wake, hatozwi kitu." Mwajabu akasogea pembeni, akapapasa ngozi mahali palipobaki wazi. "Ukishamwita, rudi hapa ukae, unisimulie hayo uliyoambiwa. Hapa uani si mahakamani."