Kufuli la Mzee Mfaume

Jua lilikuwa linazama nilipotoka uani kuanua nguo. Ilikuwa siku ya ishirini na moja tangu azikwe mume wangu, Mzee Mfaume, na mie nilikuwa eda hapa nyumbani kwetu Yombo. Ndani, mjukuu wangu Raudha, mtoto wa miaka minane, alikuwa anamsomea babu yake Yasini kwa sauti, akikatizwa na kikohozi kilichomwanza baada ya mazishi. Mama yake, mwanangu Munira, alikuwa hajarudi kutoka kazini.

Niseme kwanza huyo mume wangu alikuwa nani.

Alikuwa mwosha maiti. Miaka thelathini na nne aliwaosha wanaume wa mtaa huu, matajiri na maskini, waliogongwa na magari, waliokutwa siku ya tatu. Hakudai kitu. Na hakusema kitu. Mie naosha wanawake, na yeye ndiye aliyenifunza. "Mwanaasha," aliniambia, "ulichokiona kwa maiti kizikwe kabla yake." Alimbeba Munira mgongoni mpaka darasa la tano, watu wakicheka. Alimmenyea Raudha machungwa na kutoa kokwa moja moja, mtoto asije akapaliwa.

Waliokuja msibani wote walimlilia. Mie nilikuwa na hasira.

Aliusia nimwoshe mwenyewe, peke yangu. Sheria inamruhusu mke. Nilipomvua fulana nikakuta, juu ya kiwiko, amefunga kitambaa cheusi. Ndani yake kufuli dogo la shaba, liko wazi, tundu lake limejazwa nta. Nilikaa chini. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Mtu aliyetukataza hata kumfunga mtoto uzi mweusi, kumbe mwenyewe anavaa hirizi! Nililikata, nikalitupa katika kopo la vifungo vya nguo, nikamwosha bila kumtazama usoni.

Mungu anisamehe.

Basi nilikuwa nimefikia kanga ya mwisho nilipoisikia ile harufu. Karafuu maiti, tunayowapaka wafu. Nikadhani ni mikono yangu. Nikainusa... Haikuwa mikono yangu.

"Poleni na msiba."

Hakupiga hodi. Alikuwa mwanamume, amesimama nyuma ya shuka nililolianika. Niliona kivuli tu.

"Tushapoa," nikamjibu. "Lakini mie niko eda, ndugu yangu. Wanaume hawaingii huku."

"Sikai. Nimefuata changu." Alisema kama mtu mwenye mafua, pua zimeziba. "Kufuli."

Uso uliniwaka kwa aibu. Kumbe kuna mtu anajua.

"Wewe ndiye uliyempa?"

Akacheka kidogo. "Mcha Mungu wenu, eh? Mtaa mzima mnamlilia. Nipe, bibi, kabla hujaonekana nalo na wewe."

Sikutaka kusikia zaidi. Nilitaka uchafu ule utoke nyumbani kwangu. Niliingia ndani, nikampita Raudha kwenye mkeka wake, nikatia mkono kwenye kopo. Kufuli lilikuwa la baridi. Siku ya kumwosha mume wangu nta ilijaa mpaka juu. Sasa ilikuwa imetoka nusu, na hakuna aliyeigusa.

Nikarudi uani.

"Haya, shika uende."

"Lifunge kwanza," akanong'ona. "Toa nta, ubonyeze. Mikono yangu haifunguki."

Nikaing'oa nta kwa ukucha. Nikabonyeza.

Ndani, Yasini ikakatika.

Katikati ya neno.

Niliachia kidole. Nikamsikia mtoto anavuta pumzi kwa kelele, anakohoa, anakohoa tena. "Bibi..." akaniita. "Bibi, kama kuna mtu kanikaba."

"Bonyeza," ile sauti ikasema. "Limebaki kidogo."

Upepo ukainua shuka.

Nimekata sanda miaka mingi. Najua nguo isiyo na mshono. Najua pamba inavyowekwa puani. Na mikono ilikuwa humo ndani, imebanwa, kama tunavyoibana sisi wenyewe.

Nikamjua. Mashaka. Alimposa Munira zamani, tukamkataa. Munira akaolewa na mwingine, miaka saba hakushika mimba, tumezunguka hospitali zote. Mashaka alikufa miaka tisa iliyopita na Mzee Mfaume ndiye aliyemwosha. Jioni ile mume wangu hakula. Nilimsikia hapa uani anakata chuma kwa msumeno. Nikamwuliza, chuma gani hicho? "Hakikatiki," akanijibu, basi. Mwezi uliofuata Munira akashika mimba ya Raudha.

Nikaligeuza kufuli kwenye mwanga uliobaki. Alama za msumeno zilikuwepo. Nyingi.

"Alilitoa chini ya ulimi wangu likiwa limefungwa, akalifungua," Mashaka alisema. "Nimelala, siwezi kujitetea. Mwosha gani anaiba maiti?"

Niliogopa, ndiyo. Lakini nilikuwa na hasira kuliko hofu, na safari hii nilijua nimkasirikie nani.

"Mashaka," nikasema, "nimeosha maiti mia na ushei. Hakuna hata mmoja aliyenipandishia sauti. Rudi ulikolazwa."

 Akajibu taratibu:

"Nitarudi. Siku ya kukuosha wewe."

Shuka likatulia. Hapakuwa na mtu. Chini kulikuwa na pamba mbili, zimelowa.

Nililijaza tundu nta tena, nikalitia kufuli kwenye kile kitambaa cheusi, nikajifunga mkononi, pale pale alipolifunga yeye. Kwa nini ni lazima likae mwilini mwa mtu, sijui. Najua tu kwamba nikilivua hata kwenda kuoga, nta inaanza kutoka na Raudha anaanza kukohoa. Na najua mume wangu alikaa miaka tisa na chuma hicho, akanyamaza, kwa sababu mwosha hasemi, na kwa sababu mama gani ataweza kulala akijua pumzi ya mwanawe iko kwenye tundu la kufuli?

Nami sijamwambia Munira.

Juzi aliniona mkono nilipokuwa natawadha. Akatazama kile kitambaa, akanitazama mie.

"Mama. Hirizi? Wewe?"

"Nikifa unioshe mwenyewe," nikamwambia. "Peke yako. Utakachokikuta usikitupe, mwanangu. Kivae."

 Machozi yalimtoka, lakini sura yake niliijua. Ndiyo niliyokuwa nayo mie siku ile, mbele ya maiti ya baba yake.

"Nitakuosha, mama," akasema. "Na uchafu huo nitaukata niutupe mbali. Ukutane na Mola wako ukiwa safi."