Dawa Moja Ikishindwa

Kila asubuhi Bergtóra alikuwa wa kwanza kufika kiwandani, pale Klaksvík katika Visiwa vya Faroe. Si kwa kupenda kazi tu. Alitaka meza iliyo karibu na choo.

Kazi yake ilikuwa kukata minofu ya samaki. Kisu kilimtii, tumbo halikumtii. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshakimbilia chooni mara sita au saba, na kila mara aliona damu. Miaka minne iliyopita daktari alimwambia ana vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa usioambukiza. Vidonge vya kwanza vilimsaidia mwaka mmoja, kisha vikashindwa. Akapewa steroidi, vidonge vikali vya kutuliza uvimbe. Damu ikakata, lakini uso ukavimba na usingizi ukaruka. Kila alipopunguza dozi, damu ilirudi.

Basi akabuni njia yake. Alificha vidonge vya steroidi vilivyobaki ndani ya kopo la unga. Tumbo likichafuka, anameza kimya kimya.

Siku moja Hanus, mumewe, alitaka kuoka mkate.

"Mke wangu, hii nayo ni hamira?"

Bergtóra alicheka, kisha akalia. "Dawa zimeshindwa, Hanus. Kilichobaki ni kukatwa utumbo."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Kumbe nimeoa daktari, wala sikuambiwa! Vaa koti, twende."

Hospitalini walimkuta Sunnvá, muuguzi wa kliniki ya tumbo, mama asiyependa kuzungushwa.

"Unameza vingapi?"

"Vinne. Siku mbaya, sita."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Sunnvá hakumgombeza. "Usiviache ghafla, mwili umeshavizoea. Daktari atakupangia kuvipunguza taratibu. Steroidi ni maji ya kuzimia moto, dada. Moto ukizimika, huendelei kuimwagia nyumba maji mwaka mzima."

"Lakini dawa zote zimeshindwa."

"Imeshindwa dawa moja, si dawa zote. Kinga yako, yaani askari wa mwili, inaushambulia utumbo wako mwenyewe. Kuna dawa za kuwatuliza askari hao, na kila aina ina njia yake. Nyingine huingia kwa dripu, nyingine ni sindano ya kujichoma nyumbani, nyingine ni vidonge. Hii isipokufaa, tunajaribu ile. Hata upasuaji ni tiba, si adhabu. Ukihitajika, tutakwambia waziwazi."

"Sasa mbona asipewe leo?" Hanus aliuliza.

"Pole pole, bwana. Kwanza tupime choo, tuhakikishe si vijidudu. Kisha tupime kifua kikuu na homa ya ini. Dawa hizi hupunguza kinga, na ugonjwa uliolala unaweza kuamka. Akipata homa, atupigie simu siku hiyo hiyo."

Vipimo vikatoka vizuri. Bergtóra akaanza dripu, akapata nafuu, akanenepa kidogo. Baada ya miezi minane damu ikarudi.

Safari hii hakujitibu. Alipiga simu kabla hata ya kunywa kahawa. Wakampima damu wakaona dawa karibu imekwisha mwilini, ingawa hakukosa dripu hata moja.

"Mwili wako umeijua," Sunnvá alieleza. "Unaiharibu kabla haijafanya kazi."

"Basi nipeni nyingine," Bergtóra akasema, kama mtu anayeomba glavu mpya.

Daktari akampa dawa ya aina tofauti. Wiki ya tatu hakuona nafuu. Alivumilia. Wiki ya nane aliamka, akanywa chai, akafika kazini, ndipo akakumbuka kwamba hajaenda chooni. Baadaye kamera iliyoingizwa utumboni ilionyesha vidonda vimefunga. Steroidi zikaachwa kabisa, kwa mpango wa daktari.

Oktoba alipanda mlimani na wanakijiji kuwashusha kondoo. Huko hakuna choo, wala kichaka cha kujisitiri. Alikuwa na miaka mitatu hajakanyaga mlima ule. Hanus alibaki nyuma, akihema.

"Vipi mzee, nikuitie dripu?"

"Niitie mke anayetembea polepole!"

"Huyo hayupo tena," Bergtóra akajibu. Akampigia mluzi mbwa wao wa kondoo, akaendelea kupanda.