Kifungo cha Shati la Mjomba

Asubuhi kwetu huanza na ufagio. Mjukuu wangu hufagia uani, mimi nabandika chai, na mwanangu, mjomba wake, hukaa kizingitini akivaa viatu polepole kama mzee kunishinda mimi. Kisha huenda zahanati.

Haendi kutibiwa. Aling'oa koki za maji pale, akauza kama vyuma chakavu, na wagonjwa wakakosa maji ya kunawa. Hakimu hakumtia gerezani. Alimpa kifungo cha nje: kila asubuhi asafishe zahanati ileile na kutengeneza alichoharibu, kisha arudi kulala nyumbani. Akikosa bila sababu, atamalizia ndani.

Nilipomweleza mjukuu wangu, alikodoa macho.

"Bibi, kifungo cha nje? Cha shati au cha koti?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Sikuwa nimecheka tangu polisi walipokuja.

Shuleni aliwaambia wenzake kuwa mjomba wake ni fundi bomba, ameajiriwa zahanati.

Siku moja darasa lao likaletwa pale kumeza dawa ya minyoo. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikisubiri dawa yangu ya presha. Mwanangu alikuwa ameinama mtaroni akizoa tope. Rafiki wa mjukuu wangu, ambaye wenzake humwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, akanyoosha kidole.

"Jamani, si yule mwizi wa koki? Kumbe ndiye fundi wenu!"

Watoto wakaangua kicheko. Mjukuu wangu akatazama viatu vyake.

"Mimi simjui yule."

Mwanangu alisikia. Koleo lake lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

Kesho yake hakuamka.

"Mwanangu, kumekucha."

"Nimechoka, mama. Waje wanichukue. Huko ndani wote wezi, hakuna wa kunikana."

"Muuguzi mkuu akiripoti, leo hulali hapa."

"Najua." Akageukia ukutani.

Nilikaa kwenye kigoda. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaweka ufagio chini, akatungua shati la kazi la mjomba wake msumarini. Lilikuwa limekatika kifungo. Akachukua sindano yangu, akashona huku akivuta makamasi, kisha akalipeleka kitandani.

"Mjomba, hakimu alikupa kifungo cha nje. Hiki hapa, nimekishona. Ukiendelea kulala, kitageuka cha ndani."

Blanketi likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Umekishona upande, wewe."

"Vaa hivyohivyo, tumechelewa. Nisamehe, mjomba."

Tulitoka sote watatu. Njiani tukamkuta Chiriku na wenzake, mikoba mgongoni.

"Fundi huyoo!"

Mjukuu wangu akamshika mjomba wake mkono.

"Niliwadanganya. Si fundi. Ni mjomba wangu, aliiba koki, na sasa anazirudisha."

Chiriku akawavuta wenzake kando, wakatupisha njia.

Muuguzi mkuu alikuwa getini, macho mekundu kwa zamu ya usiku, simu mkononi.

"Nilikuwa nampigia afisa wa mahakama sasa hivi."

"Nimekosa, sista. Sitarudia."

"Usiniambie mimi. Koki ya wodi ya wazazi ndiyo inakungoja."

Mwanangu aliifunga akiwa amepiga magoti, jasho linamchuruzika. Bomba likakohoa, likatema maji ya kahawia, kisha meupe. Mama mmoja mwenye kichanga akaja kunawa mikono.

"Asante, kaka," alisema, akaenda zake.

Nikamsindikiza mjukuu wangu hadi lango la shule.

"Bibi, yule mama angejua ni mwizi, angesema asante?"

"Labda asingesema. Lakini maji yangetoka vilevile." Nikamwegemea bega nipumue. "Mtu wetu akikosa, mjukuu wangu, hatumfichi kwa uongo wala hatumkani. Tunausema ukweli, tunakaa naye akitengeneza. Angefungwa ndani, koki ile ingemngoja nani?"

Akaingia darasani, amechelewa, kichwa juu. Mimi nikageuka kurudi, taratibu. Uani hapakuwa pamefagiliwa bado.