Idhini ya Mwahija

Naanza kwa jina la Mola aliyetupa ulimi na masikio, na rehema zimshukie Mtume wetu na walio wake. Ama baada ya hayo.

Mwaka 1996 maduka ya Shinyanga na machimbo ya Geita yalizungumza kwa redio kolo, redio za upepo za kuitana kituo kwa kituo. Kila Alasiri, biashara ikishatulia, vijana watano wa vituo vitano, wasiowahi kuonana, walisikilizana Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, mawimbini, wakiwa wametia nia waihifadhi yote kabla ya Ramadhani. Katika kituo cha Ngokolo, Shinyanga, alikuwapo Mwahija binti Zamoyoni, yatima wa baba, muuzaji katika duka la Bi. Gulnaz. Katika kituo cha Nyarugusu, Geita, alikuwapo Yasini, asiye na mzazi wala ndugu, karani katika ghala la mzee Liaquat.

Hao wawili walikutana kwa bahati mjini Maganzo, siku ya gulio, katikati ya wachuuzi wa almasi na moshi wa nyama. Mwahija, baibui jeusi na ushungi wa zambarau, alikuwa akibishania bei ya dagaa. Kijana mwenye kanzu nyeupe, pindo lake jekundu kwa vumbi, akageuka ghafla.

"Sauti hiyo ni Ngokolo!"

"Na hiyo ni Nyarugusu, anayekosea sura ya An-Naba kila siku."

"Nakosea makusudi, unisahihishe."

"Muongo! Na mbona mfupi hivyo? Redioni una sauti ya mtu mrefu."

"Nirudi basi nikarefuke?"

"Rudi. Ila usichelewe."

Tangu siku hiyo wenzao waliwatania mawimbini, nao hawakukana. Hata ilipoingia Shaabani, Yasini akasema:

"Ngokolo, rafiki yangu Makoye ananitaka nikachimbe naye dhahabu duarani. Mimi sitaki, naona shimo lile halina salama. Nataka Ijumaa nimtume mshenga kwenu, kisha nihamie Shinyanga nitafute kazi. Nimtume? Ova."

Vituo vyote vikatega sikio.

"Haya, mwanangu, unaulizwa," Bi. Gulnaz akamfinya.

Mwahija akainamisha uso, akatabasamu, akanyamaza. Ndivyo alivyofunzwa katika chuo cha Kurani: mwanamwali akiulizwa habari ya ndoa, kunyamaza kwake ni ridhaa yake. Bi. Gulnaz akamkumbatia kwa machozi ya furaha, wala hakuna aliyekumbuka kubonyeza kitufe na kujibu. Yasini alisikia mvumo wa redio peke yake. Adabu ile naye aliijua, lakini uso hakuuona. Akadhani ameaibishwa mbele ya vituo vyote. Asubuhi akaacha kazi, akashuka duarani na Makoye.

Ijumaa ikapita bila mshenga. Jumapili Mwahija, macho yamemvimba kwa hasira, akaita Nyarugusu.

"Shikamoo, mzee Liaquat. Yasini alikuwa akinichezea? Ova."

"Marahaba. Yeye anasema ulimkataa, binti yangu."

"Nilinyamaza!"

"Nani angekuona huku, mama?"

"Basi mwambieni nimekubali! Nimekubali, mzee, na vituo vyote vishuhudie!"

Mzee Liaquat akaenda mwenyewe machimboni. Alikuta watu wakifukua kwa mikono: duara lilikuwa limeporomoka.

Habari ikawafikia Ngokolo kwa redio, na kesho yake Mwahija na Bi. Gulnaz walifika kwa lori. Yasini alilazwa mkekani ghalani kwa Liaquat, kifua kimepondeka. Makoye, matope hadi nyusi, akawafungulia mlango, akamwita Mwahija "mama" kwa Kisukuma.

"Ingia, mayu. Anakungoja wewe."

"Yasini, nimekubali."

"Rudia," alinong'ona, akijaribu kucheka. "Mawimbi ni mabaya."

"Nimekubali, laazizi wangu. Tangu siku ile."

"Ami yako, walii wako, na sheikhe wa kuwafungisha ndoa wamo njiani," alisema mzee Liaquat.

Walifika baada ya Adhuhuri. Yasini alikwisha kutamka shahada na kukata roho, na sheikhe aliyekuja kufungisha ndoa akasalisha jeneza.

Mke aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mwahija aliuliza lini aanze kuikaa. Sheikhe, macho chini, akamjibu kuwa akdi ya ndoa haikufungwa, hivyo hana eda. Jumatano akawa dukani, akipima vitambaa kwa yadi, na wateja wakimwuliza rangi.

Ewe Mola, mpokee Yasini kwa wema. Na hawa wanne waliobaki uwape subira, uwafungulie vifua wahitimu walichokianza, na Mwahija umjaalie faraja itokayo Kwako. Amin.